Vijana wa Ziwa Wasome Nini?

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Methali hii twaisikia tangu utotoni nasi twaipokea kwa kutikisa kichwa, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaouliza swali linaloifuata: je, mtu aweza kukataa kwao bila ya kujua kwamba amekataa? Sisi tunaamini kuwa aweza. Kijana wa Mwanza, wa Ukerewe, wa Sengerema au wa Musoma anayehitimu kidato cha nne bila ya kufungua hata riwaya moja ya waandishi waliozaliwa kando ya maji anayoyatazama kila asubuhi, huyo amekwisha kukataa kwao. Na waliomfundisha kukataa si wageni. Ni sisi walimu wake, wazazi wake na wasimamizi wa shule zake.

Makala hii, basi, ni ya ugomvi, na ni vyema tuseme mapema tunagombana na nani. Hatugombani na kijana. Kijana hawezi kusoma kile ambacho hakupewa. Tunagombana na watu wa aina tatu: yule asemaye kwamba riwaya huharibu tabia za vijana, kwa hiyo huzificha, yule asemaye kwamba riwaya hupoteza wakati wa masomo, kwa hiyo huzidharau, na yule azifundishaye kwa namna ambayo mwanafunzi akishafaulu mtihani hatazigusa tena maisha yake yote. Huyu wa tatu ndiye mwenye madhara kuliko wote, kwa sababu yumo darasani, na mara nyingi huyo ni sisi wenyewe.

Tuanze na jambo lisilo na ubishi. Ukipanda meli katika bandari ya Mwanza kuelekea kaskazini, baada ya saa chache utafika Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe. Kisiwa hiki cha wavuvi na wakulima wa mihogo, mpunga na machungwa kimelipa taifa waandishi watatu wa riwaya ambao historia ya fasihi ya Kiswahili haiwezi kuandikwa bila ya majina yao. Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981. Wa pili ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938. Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki Dar es Salaam mwezi Januari mwaka 2020. Ni wilaya chache nchini ziwezazo kujivunia mavuno ya namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, vijana wetu walipewa hadithi ya Robert Louis Stevenson iliyotafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Hatuitukani hadithi hiyo. Ni tamu, na wazee wengi waliipenda. Lakini hebu tufikiri. Kijana wa ziwani alifundishwa kusafiri kwa mawazo hadi kisiwa cha mbali kilichozikwa dhahabu na maharamia wa Kizungu, hali kisiwa kilichokuwa mbele ya macho yake kilikuwa na mtu mwenye kalamu ambaye hazina yake ilikuwa haijulikani kwa yeyote. Ukoloni ulikwisha mwaka 1961. Je, safari ya mawazo imegeuka? Muulize mwanafunzi yeyote anayevuka kwa feri akutajie kitabu kimoja cha Kitereza, kisha usikie jibu lake.

Kitereza alisoma katika seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Wazungu, kisha akarudi kwao na kuyatazama maisha ya wazee wake kwa jicho la mtu aogopaye yasije yakapotea. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, kitabu kinene kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Hakupata mchapishaji. Kitabu kikubwa namna ile, katika lugha ya watu wa kisiwa kimoja, hakikumvutia mwenye mtambo hata mmoja. Ilimbidi mzee huyo akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo Tanzania Publishing House ilipokitoa mwaka 1980. Ilipita miaka 35 tangu kumalizika hadi kuchapwa. Mwaka mmoja baadaye mwandishi akafariki. Leo kitabu hicho kinasomwa kwa Kijerumani, kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza katika tafsiri ya Ruhumbika iliyotoka mwaka 2002. Mjerumani anakijua. Mwanafunzi wa Nansio je?

Twajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa: kitabu hicho ni kirefu, mwendo wake ni wa polepole, kimejaa habari za mashamba, uwindaji, uvuvi, dawa na pombe; kijana wa leo hana subira nacho. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatutaukana. Hakuna mwalimu mwenye busara atakayemtupia mwanafunzi wa kidato cha pili kitabu kile chote na kumwambia akimalize kabla ya likizo. Lakini hoja hiyo inasahau hadithi yenyewe inahusu nini. Inahusu mume na mke waliopendana wasijaliwe mtoto. Ndugu wa mume wakaanza kumsimanga mke. Wazazi wa mke wasistahimili kuona binti yao akitukanwa, wakaja kumchukua. Mume angeweza kuoa mwingine na watu wasione ajabu. Hakufanya hivyo. Alikwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, naye akadaiwa pombe ya ndizi kama fidia, akahangaika mpaka ikapatikana. Katika kila mtaa wa Mwanza, tangu Kirumba hadi Igoma, yupo mwanamke anayesimangwa leo hii kwa jambo hilo hilo. Kijana wa miaka 16 ambaye ataoa au kuolewa baada ya miaka michache anahitaji sana kuiona adabu ile ya Myombekere ya kumtetea mke mbele ya ukoo wake mwenyewe. Na tukumbuke kwamba aliyeandika habari hizo hakujaliwa kulea mtoto wake mwenyewe hadi akakua. Aliandika juu ya jeraha alilolijua.

Sasa twende kwa wale wanaoficha. Mwaka 1971 Kezilahabi, akiwa kijana wa miaka 27, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ni habari ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali mno na baba mlevi, asiruhusiwe hata kupokea barua ya mvulana, kisha akapelekwa katika shule ya wasichana Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, bila ya kufundishwa lolote juu ya dunia iliyokuwa ikimngojea. Dunia hiyo ikamla. Wanaume wazima, wakiwamo wenye madaraka juu yake, walimtumia. Na mwisho wake ni wa kusikitisha, kwa kuwa alijitoa uhai. Kitabu kilipotoka kilipigiwa kelele na kuzuiwa shuleni. Baadaye kikaruhusiwa, hata kikawekwa miongoni mwa vitabu vya kufundishia.

Tuulize: waliokizuia walikuwa wakimlinda nani? Walisema wanamlinda msichana. Lakini msichana alikuwa hahitaji kulindwa na kitabu; alihitaji kulindwa na mwalimu mkware, na mfanyabiashara mwenye fedha, na baba aliyedhani kwamba kipigo ni malezi. Hao wote kitabu kiliwataja, na hao wote walinufaika kilipofungiwa. Si ajabu hata kidogo kwamba mtu mzima anayeshtakiwa na riwaya huigeuza shtaka la tabia mbaya dhidi ya riwaya hiyo.

Jambo hili si la kale. Hadi mwezi Novemba mwaka 2021 msichana aliyepata mimba katika shule ya serikali alifukuzwa, akaenda nyumbani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi huo ndipo serikali ilipotangaza kwamba aweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Kezilahabi alikuwa amekwisha kutuonyesha, miaka 50 kabla ya tangazo hilo, kwamba katika mkasa wa namna hiyo lawama haiwi ya mtu mmoja. Laiti walimu na wazazi wa taifa zima wangaliisoma Rosa Mistika kwa moyo mweupe, wasiisome kwa kutafuta kurasa za aibu, pengine tangazo lile lisingalichelewa kiasi hicho. Hatusemi riwaya hubadilisha sheria. Twasema riwaya humfanya mtu amwone binti wa jirani kuwa mtu, na sheria nyingi mbaya hudumu kwa sababu tumekataa kumwona.

Aidha, hatusemi kwamba kitabu kile apewe mtoto yeyote na kuachwa peke yake nacho. Kijana aliyemaliza kusoma juu ya kifo cha Rosa anahitaji mtu mzima wa kukaa naye na kuzungumza, amwambie wazi kwamba mlango ambao Rosa hakuuona ulikuwapo, na kwamba binti aliye katika shida kama ile ana watu wa kuwaendea. Kwa sababu hiyo twasema kitabu cha namna ile kinataka mwalimu, hakitaki kufuli. Mwenye kufuli ameikimbia kazi ya ualimu.

Tukitaja kufuli hatusemi kwa mfano tu. Katika shule moja ya pwani ya ziwa, ambayo hatutaitaja, tulionyeshwa kabati la mbao lililojaa riwaya. Zilikuwa safi, kurasa zake zikinukia upya ingawa zilikwisha kukaa miaka. Tulipouliza kwa nini hazijasomwa tulijibiwa kwamba vitabu vikitolewa vitachakaa, na mkaguzi akija ataona hasara. Ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyesafiri. Nje, chini ya mwembe, wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakipokezana makaratasi ya uchambuzi yaliyorudufiwa, yale yauzwayo kando ya vituo vya mabasi: wahusika ni hawa, dhamira ni hizi, tamathali za semi ni hizi. Hapo ndipo tulipoielewa hali yetu vizuri zaidi kuliko katika mikutano yote tuliyohudhuria. Wanafunzi walikuwa wakisoma habari za kitabu kilichokuwa hatua ishirini kutoka walipokaa, kitabu ambacho hawakuwahi kukishika.

Hii ndiyo dhambi ya mtu wetu wa tatu. Amefanya riwaya kuwa orodha. Tuchukue mfano wa Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo kwa miaka mingi imesomwa kwa Kiswahili katika shule zetu za sekondari. Ni habari ya Sekai, mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii iliyotaka mtoto wa namna hiyo auawe, naye akatoroka usiku akiwa amembeba. Tukio hilo limewekwa Zimbabwe, lakini ni mahali gani duniani lingepaswa kusomwa kwa kutetemeka zaidi kuliko hapa kwetu? Tangu karibu mwaka 2007 mikoa ya Mwanza na Shinyanga na jirani zake ilipata aibu mbele ya ulimwengu kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyofanywa na watu waliodanganywa kwamba kiungo cha binadamu huleta utajiri wa samaki au wa dhahabu. Kulikuwa na watoto waliokwenda shule kwa kusindikizwa, na wengine waliopelekwa kulala kwenye vituo mbali na mama zao ili wasivamiwe usiku.

Na katika miaka hiyo hiyo, katika mikoa hiyo hiyo, tulikuwa tukisimama ubaoni tukiandika: Dhamira ya kwanza, mila potofu. Dhamira ya pili, nafasi ya mwanamke. Dhamira ya tatu, mapenzi ya dhati. Mwanafunzi akanakili, akakariri, akapata alama. Hakuna aliyemwuliza: ungekuwa wewe ni jirani wa Sekai usiku ule, ungefungua mlango au ungezima taa? Swali hilo halimo katika mtihani. Lakini ni swali pekee ambalo kitabu kiliandikwa kuliuliza, na katika vijiji vyetu halikuwa swali la kubuni. Mtu aweza kujibu vyema maswali yote ya mila potofu na bado akazima taa.

Tusieleweke vibaya. Hatupingi uchambuzi. Fani na maudhui ni zana, na fundi hahitaji kuona haya kwa sababu ya zana zake. Lakini hakuna fundi amfundishaye mwanagenzi majina ya misumeno kwa miaka minne bila ya kumpa ubao akate. Kwanza kijana na asome, acheke, akasirike, amchukie mhusika, asilale usiku kwa kutaka kujua mwisho. Baada ya hapo ndipo tumfundishe kuuliza ni kwa ufundi gani mwandishi alimfanya asilale. Sisi tumeanza na mkia wa ng'ombe tukashangaa kwa nini hatembei.

Wapo wenzetu watakaosema: lakini vijana husoma, wanasoma vitabu vya upelelezi na mapenzi, vitabu visivyo na maana. Hapa tutawaudhi baadhi ya walimu wenzetu. Kizazi chetu kilisoma kwa siri, chini ya dawati, habari za Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na za Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu hivyo vilipita mikono mingi mpaka majalada yakatoka. Tulinyang'anywa na walimu waliokwenda kuvisoma wenyewe nyumbani. Je, vilituharibu? Vilitufundisha kusoma haraka, kwa Kiswahili chepesi na safi, na kutamani ukurasa unaofuata. Mtu aliyejenga misuli kwa kuvuta kokoro aweza baadaye kunyanyua mzigo mzito zaidi. Kosa halimo katika kuanza na Willy Gamba. Kosa ni kumwacha kijana huko bila ya kumwonyesha njia iendayo Gamba la Nyoka.

Yupo bado mtu wetu wa pili, asemaye kwamba nchi yataka wahandisi, na riwaya ni mchezo. Huyu twamkumbusha historia ya Mwanza yenyewe. Kati ya mwaka 1968 na mwaka 1972 mji huu ulikuwa makao makuu ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali kwa kushirikiana na UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Wakulima na wavuvi walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, vya samaki, vya ng'ombe na vya migomba. Katika miaka ya 1970 Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Taifa lililokuwa na theluthi moja tu ya watu wazima wajuao kusoma mwaka 1967 lilifikia, kwa hesabu ya serikali, asilimia 90 mwaka 1986. Hayo ni mapinduzi, na yalianzia hapa kando ya ziwa.

Lakini waliosimamia kazi ile walijua jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: mtu aliyejifunza kusoma na akakosa cha kusoma, husahau. Ndiyo sababu maktaba za vijijini ziliwekwa, na gazeti likachapwa. Kitabu cha pamba humfundisha mkulima kupalilia; hakimfundishi aishije na mwanawe aliyerudi kutoka chuo kikuu akimdharau. Hilo limo katika Kichwamaji ya mwaka 1974. Hakimwelezi kijana kwa nini babu yake alihamishwa kutoka kwenye makaburi ya wazee wake katika Operesheni Vijiji. Hilo limo katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Mhandisi asiyejua jinsi watu wanavyohuzunika atajenga daraja mahali ambapo hakuna apendaye kupita.

Tuseme kidogo juu ya Gamba la Nyoka, kwa sababu ndiyo riwaya iliyotufundisha kwamba kitabu chema husomwa zaidi ya mara moja. Tulipoisoma mara ya kwanza tulikuwa vijana wenye hamasa. Tuliona wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, na wanakijiji waliokuwa wakikataa kuhamia kijiji cha ujamaa. Nasi tuliwacheka wanakijiji, tukawaona kuwa vikwazo vya maendeleo. Miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto wetu wenyewe, tuliirudia. Maneno yalikuwa yale yale, lakini kicheko kilikuwa kimetutoka. Tuliwaona wazee ambao hakuna aliyewauliza. Tuliona pia kwamba mwandishi hakuwa adui wa ujamaa, kama baadhi ya watu walivyotaka kusema. Alitaka ujamaa uwe wa watu kweli, nasi hatukuwa tumemsikia. Kitabu hakikubadilika. Tuliobadilika ni sisi, na bila ya kukirudia tusingalijua kwamba tumebadilika.

Kwa sababu hii twamwambia kila mwalimu wa Kiswahili: rudia. Usifundishe mwaka huu kwa daftari la mwaka 2009. Rudia Rosa Mistika sasa ukiwa na binti wa miaka 15 nyumbani, uone kama utamwona Zakaria kwa macho yale yale uliyomwona ukiwa mwanafunzi. Msome Ruhumbika, aliyeanza kwa kuandika Kiingereza katika Village in Uhuru mwaka 1969, kisha akageuka na kuandika Kiswahili katika Uwike Usiwike Kutakucha mwaka 1978 na Miradi Bubu ya Wazalendo mwaka 1992. Mgeuko wa mtu huyo peke yake ni somo zima kwa kijana anayedhani kwamba akili hupimwa kwa Kiingereza.

Tena hatudai kwamba kijana wa ziwa asome vya ziwa peke yake. Hilo lingekuwa ni kumfungia tena, ingawa kwa kufuli zuri zaidi. Na asome Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, na Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo. Na asome Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Na asome vya Wazungu pia. Mtu aliye na kwao hapotei akitembea. Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mwenye mbacha wake haoni wivu wala hofu akiuona msala wa jirani.

Basi nini kifanyike? Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa, aliuweka utamaduni na vijana katika wizara moja. Hatuamini kwamba alifanya hivyo kwa bahati. Tukiwa warithi wa uamuzi ule twapendekeza mambo machache, ambayo hayangoji fedha kutoka mahali popote.

Kwanza, kabati zifunguliwe. Riwaya iliyochakaa kwa kusomwa ni heshima ya shule, na mkaguzi afundishwe kuihesabu kuwa faida. Pili, mwanafunzi asipewe uchambuzi wa kitabu, wala na mwalimu wala na mchuuzi, kabla hajakimaliza kitabu chenyewe. Na kama nakala ni moja, mwalimu akisome kwa sauti darasani, sura kwa sura. Wazee wetu walisikiliza hadithi usiku kucha bila ya kila mtu kuwa na nakala yake. Tatu, kila shule ya mwambao wa ziwa iwe na rafu moja ya waandishi wa ziwa, kuanzia Kitereza, na kila mwaka kidato kimoja kisome japo sehemu moja ya kitabu chake, ile ya safari ya Myombekere kwenda ukweni. Nne, vitabu vilivyokwisha madukani vichapwe upya, kwa karatasi ya bei nafuu. Tano, kwa riwaya nzito kama Rosa Mistika na Kichwamaji, zisomwe katika vidato vya juu, mwalimu akiwapo, na saa ya mazungumzo itengwe isiyokuwa na alama wala mtihani.

Tunamgeukia sasa mwanafunzi, kwa maana tumesema mengi juu yake bila ya kusema naye. Ndugu kijana, hukukosa akili ya kusoma; ulikoseshwa vitabu. Lakini udhuru huo una mwisho wake. Ukimaliza makala hii, mwendee mwalimu wako umwulize ufunguo wa kabati uko wapi. Uliza kwa adabu, na kesho uulize tena. Ukipata kitabu, kisome kwanza kwa ajili yako. Ukikichukia, sema umekichukia na utaje sababu. Mwandishi hakuandika ili aabudiwe. Ukikipenda, mpe rafiki yako, na baada ya miaka kumi ukitafute tena.

Na kama utaona kwamba maisha yako, ya mwaloni, ya mgodini, ya bwenini, ya meli za usiku, hayamo katika riwaya yoyote uliyoisoma, hiyo si hasara. Kitereza naye aliona hivyo. Akachukua kalamu, akaandika kwa lugha ambayo hakuna mwenye mtambo aliyeitaka, na akangoja miaka 35. Wewe hutangoja kiasi hicho, ikiwa sisi wakubwa wako tutaanza kutimiza wajibu wetu leo.